Upana wa Vidole Vitatu

Jumatatu, 6 Aprili

Daftari langu, leo Mungu amenifungua akili. Matairi! Siku zote tatizo lilikuwa matairi!

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana kwa furaha nimeshadondosha wino kwenye kanzu.

Mke wangu ameanguka mtihani wa udereva mara mbili. Na mimi ndiye mwalimu wa udereva! Mwenye shule! Shule yenyewe ni mimi, kiwanja cha kando ya nyumba, vigingi sita, na gari moja dogo tuliloliita Subira. Watu wanasoma kibao changu getini, halafu wanamwona mke wangu akienda sokoni kwa miguu, halafu wanavuka barabara kwenda kujiandikisha kwa Kapteni.

Kapteni ni kaka wa mke wangu. Hajawahi kupanda hata mtumbwi. Ana kofia tu. Lakini ana shule ya udereva upande wa pili wa barabara, ana gari jipya kuliko langu, na ana mdomo. Wiki iliyopita alinisalimia mbele ya watu: Shemeji, vipi, bado unafundisha kuangusha?

Nilicheka. Nikaenda nyumbani nikalala bila kula.

Mtihani wa tatu ni Jumatano ya wiki ijayo. Ukianguka mara ya tatu unasubiri mwaka mzima. Na chekechea ya mtaani kwetu inatafuta dereva wa kigari chao cha watoto. Mwalimu mkuu amemshikia mke wangu nafasi hadi mwisho wa mwezi huu, si zaidi. Mke wangu ni fundi cherehani. Jana aliniambia, bila kuinua macho kwenye kitambaa, kwamba miaka ishirini na mbili amekaa akitazama ukuta uleule, na sasa anataka kutazama barabara. Na wa kumfundisha ni nani? Mimi!

Kinachomwangusha ni kitu kimoja: kurudi nyuma na kuingia katikati ya vigingi. Gari linayumba, anashtuka, kigingi chini.

Basi, leo nimekwenda kwa Mama Pancha kuziba tairi. Huyu ni fundi wa matairi pale kona, mwanamke wa maneno machache na mikono kama koleo. Ukutani kwake kuna kalenda, na kwenye kalenda kuna gari. Daftari! Matairi ya gari lile! Mapana kama magodoro! Gari limetulia chini kama limepewa shikamoo na dunia nzima. Nikatoka nje kuyatazama ya Subira. Membamba kama miguu ya mbuzi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mke wangu hayumbi. Subira ndiye anayeyumba!

Jumanne, 7 Aprili

Nimerudi kwa Mama Pancha tangu asubuhi, kabla hajafungua. Nimemsaidia kuondoa kufuli.

Amenionyesha kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva wa Subira. Miaka kumi na nne nafungua mlango ule, sijawahi kukisoma! Kimeandikwa 165 mwanzoni. Akasema hiyo ndiyo milimita ya upana wa tairi. Nikamwuliza yale ya kalenda ni ngapi. Akasema hajui, ni kalenda. Lakini nyuma ya duka ana manne mazuri ya 205, urefu wake uleule, upana tofauti.

Tofauti ni milimita arobaini. Nimepima: vidole vyangu viwili, vya kushiba.

Mama Pancha akasema ringi za Subira ni nyembamba, zinaweza kubeba 175, na ukilazimisha sana 185. Kuzivisha 205 ni kama kumvisha mtu mzima suruali ya mwanawe wa darasa la pili: itaingia, lakini asiiname. Akasema aliyeliunda gari hakuandika kibandiko kwa kujifurahisha.

Nikamwambia aliyeliunda gari hakumjua mke wangu.

Sikutaka kuamua kwa kiburi. Nimeswali istikhara kuhusu upana wa matairi. Sijui kama kuna aliyewahi, lakini Mola hachagui maombi. Nikamwomba anionyeshe: 185 au 205. Natoka msikitini, kitu cha kwanza kukiona: paka mnene juu ya ukuta. Upepo unavuma, mifuko ya plastiki inaruka, paka hatikisiki. Amekaa. Ameenea ukuta mzima!

205.

Jumatano, 8 Aprili

Yamefungwa! Nimempa Mama Pancha baiskeli yangu, tukabadilishana. Akanipa na karatasi nisaini kwamba nimeonywa. Nikasaini kwa mbwembwe, hadi mkia wa sahihi ukatoka nje ya karatasi.

Subira hatambuliki! Amepanuka! Amekuwa mtu na heshima zake. Nimepita mbele ya shule ya Kapteni mara tatu, polepole, mkono dirishani. Mara ya kwanza hakutazama. Mara ya pili akatazama. Mara ya tatu akavua kofia akajikuna kichwa. Alhamdulillahi!

Nimempigia mke wangu honi atoke. Akatoka na futi kamba yake shingoni kama kawaida, sindano mdomoni. Akalizunguka gari. Akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Akatoa sindano mdomoni akaniuliza kama mtihani ni wa kwake au wa matairi. Nikamwambia asubiri apande ndipo aseme.

Akapanda. Tukaenda moja kwa moja hadi kwenye kona ya duka la dawa. Pale akakata usukani. Subira akalia: krrrrrrr!

Nikamwambia matairi mapya huwa yanazoeana na gari, kama viatu. Akasema hajawahi kuona kiatu kinachopiga kelele kikigeuka kulia. Tukageuka kushoto. Krrrrrrr.

Mambo madogo. Nimefurahi mno, sitaweza kulala.

Alhamisi, 9 Aprili

Mama Pancha ameingia chini ya gari akakaa huko muda mrefu. Nilidhani amelala. Akatoka akasema matairi ni mapana hata yanagusa shokapu kwa ndani. Suluhisho ni kurudisha ya zamani.

Nikamwuliza suluhisho la pili.

Akapumua. Akasema kuna vipande vya chuma vya duara vinavyowekwa nyuma ya ringi ili gurudumu lisogee nje. Lakini basi matairi yatatokeza nje ya madigadi, gari litembee kama bata, na usukani uwe mzito.

Bata hajawahi kuanguka! Nilimwambia hivyo. Akanipa karatasi nyingine nisaini.

Sasa hakuna krrrr. Matairi yametokeza nje ya mwili wa gari kiasi cha vidole vitatu kila upande. Ukilitazama kwa mbele unadhani linataka kukukumbatia. Naliona hata ndani ya sala, Mungu anisamehe.

Mke wangu amefanya mazoezi jioni. Kasema usukani ni mzito kama kukanda unga wa arusi mbili. Na alipoingia kinyumenyume, gari halikuyumba hata kidogo! Limetulia kabisa! Limeangusha vigingi vyote sita kwa utulivu.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimewaza wakati wa hotuba, na Mungu ananijua, nilisikiliza pia. Nimegundua kosa. Kosa ni la vigingi!

Vigingi vyangu nilivipanda kwa kipimo cha Subira wa zamani: gari likiwa katikati, unabaki upana wa kiganja kila upande. Vidole vinne. Sasa Subira ameongezeka vidole vitatu huku na vitatu kule. Unabaki upana wa kidole kimoja. Nani anaweza kupita hapo? Malaika labda. Kumfundisha mama wa watu katika nafasi kama hiyo ni dhuluma.

Nikavisogeza vigingi nje, vidole vitatu kila upande. Haki imerudi. Nikamwambia mke wangu ajaribu. Akaingia bila kugusa kitu! Mara ya kwanza katika maisha yake! Nilipiga takbiri hadi jirani akachungulia juu ya ukuta.

Mke wangu hakushangilia. Alikaa ndani ya gari akivitazama vigingi, kichwa upande, kama anavyotazama gauni ambalo mteja amelileta eti lishonwe kidogo tu. Nilimwuliza vipi. Akasema hakuna kitu, niende zangu nisichelewe magharibi, yeye atafagia kiwanja.

Mke mwema ni neema.

Kwa shukrani nimetoa sadaka. Yale matairi manne membamba yaliyobaki kwa Mama Pancha nimeyapeleka chekechea. Mwalimu mkuu amefurahi sana, akaniombea dua ndefu. Nimefunga mlango wa kurudi nyuma, daftari. Twende mbele tu!

Jumamosi, 11 Aprili

Kuna mtu anachezea vigingi vyangu!

Asubuhi nimetoka kuwapa kuku maji, nikavitazama. Nafasi imepungua. Nikapima kwa vidole. Vimerudi palepale pa zamani! Ardhi imefagiwa safi, hakuna hata alama ya mguu. Kazi ya mtu mjanja.

Nani mjanja mtaani hapa? Nani hataki mke wangu afaulu mikononi mwangu? Nani amevaa kofia?

Nimevisogeza tena nje. Sijamwambia mke wangu, ana mawazo ya kutosha. Akaingia mara nne, safi kabisa mara zote nne. Nikamsifu. Akasema asante, mwalimu, kwa sauti fulani. Halafu akaniambia adhana inakaribia. Nikatazama saa: bado dakika arobaini. Lakini akasema kuwahi kuna thawabu, na ni kweli, siwezi kubishana na dini.

Jumapili, 12 Aprili

Vimerudi tena! Na safari hii vimeingia ndani zaidi ya mwanzo, kama kwa nusu ya kidole!

Nikaweka mtego. Saa nne asubuhi nikajificha nyuma ya tangi la maji na filimbi ya shule, nimejifunika gunia. Jua lilikuwa kali. Nilisoma dua zote ninazozijua za kuwashinda mahasidi, nikamaliza, nikaanza upya. Nadhani nilisinzia kidogo katikati ya ya tatu.

Nikasikia nyayo. Kofia! Kapteni mwenyewe, anapita kiwanjani kwangu kwa kunyata! Nikatoka mbio, gunia kichwani, nikipuliza filimbi kwa nguvu zangu zote!

Alikuwa amebeba trei ya mayai kutoka kwa mama mkwe. Alinyata ili yasivunjike.

Yamevunjika. Yote thelathini. Kumi na tano kifuani kwa Kapteni, mengine kwenye boneti ya Subira. Kapteni alisimama anatiririka, akaniuliza kwa upole kabisa: Shemeji, umeanza lini? Kwanza sikumwelewa. Ndipo akamwita dada yake aje amtazame mumewe, eti jua limempata.

Mke wangu alitoka akatutazama. Akacheka hadi akashika mlango. Halafu Kapteni, akijifuta ute kwenye nyusi, akamwambia mbele yangu kwamba gari lake lipo, usukani laini kama siagi, na akitaka kufanyia mtihani humo Jumatano aseme tu neno. Atakuja na ufunguo mkononi.

Mke wangu aliacha kucheka. Akasema atafikiri.

Atafikiri! Daftari, ameshafikiri mangapi bila mimi? Akifaulu ndani ya gari la Kapteni, nitang'oa kibao getini. Lakini kibao si kitu. Kinachoniuma ni hiki: nilimwoa nikimwahidi kwamba kila atakachokitaka atakipata mkononi mwangu. Ametaka kitu kimoja tu katika miaka yote.

Nimevisogeza vigingi nje tena. Kama ni Kapteni au si yeye, sijui tena. Labda ni udongo. Udongo wa mchanga hutembea.

Jumatatu, 13 Aprili

Mke wangu amefikiri. Asubuhi, tukinywa chai, amesema atafanya mtihani na Subira. Nimeruka nikagonga meza, chai imemwagika kwenye gauni la mteja. Hakugomba! Alisema tu, akisugua doa, kwamba gari ambalo usukani wake ni kukanda unga limempa mikono, na kwamba mtu aliyezoea kushona jinzi hawezi kuogopa hariri. Sikuelewa hariri imeingiaje. Nikamwambia inshallah.

Sasa nina mashaka kidogo na misuli yake. Amenishika bega kwa mapenzi nimesikia maumivu.

Leo, baada ya mimi kuvisogeza tena vigingi nje, ameingia mara sita bila kugusa. Kapteni alikuwa amesimama juu ya kiti upande wa pili wa barabara anachungulia. Nikamnyanyulia mkono.

Jumanne, 14 Aprili

Ya Rabbi! Ya Rabbi! Nimefanya nini?

Nimekwenda kwenye uwanja wa mtihani, ili nipasomee dua kabla ya kesho. Nimefika. Nimesoma. Nimefumbua macho. Nimeviona vigingi vyao.

Si vigingi. Ni mabomba ya chuma. Yamezikwa kwenye saruji.

Nikapima. Kipimo cha zamani! Kiganja kimoja kila upande wa gari la kawaida! Nikasukuma bomba moja. Halikutikisika. Nikalisukuma kwa bega. Mlinzi akapiga kelele, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia vidole vitatu. Akanitoa nje kwa heshima.

Daftari, unaelewa? Kwa siku nne nimemfundisha mke wangu kupita kwenye mlango mpana ambao haupo! Nimempa ushindi wa uongo mara kumi na kitu! Kesho ataingia kwa kujiamini, tairi litagonga chuma, mtahini ataandika kwenye karatasi yake, na mke wangu atarudi kutazama ukuta mwaka mzima. Nafasi ya chekechea itakwenda kwa mwingine. Na ni mimi. Si Subira, si Kapteni, si udongo.

Nikakimbia kwa Mama Pancha. Nikamwambia matairi ya zamani, haraka! Akanikumbusha sadaka. Nikakimbia chekechea. Nimechelewa. Matairi yangu manne yamepakwa rangi ya njano, yamezikwa nusu ardhini mstari mmoja, na watoto wanayaruka kama vyura. Nikashika moja nikavuta. Watoto wakadhani ni mchezo, wakanishika kiunoni, tukavuta wote. Halikutoka. Mwalimu mkuu akaja akaniuliza kama ninajutia sadaka. Nikasema hapana, nalikagua tu kama limekaa imara.

Limekaa imara.

Nimefika nyumbani nikiwa na nia ya kukiri. Mke wangu alikuwa anapiga pasi gauni atakalovaa kesho, anaimba chini chini. Sijamsikia akiimba tangu tumwozeshe binti yetu. Nikafungua mdomo. Nikasema gauni ni zuri.

Nimekuwa mwoga. Nimekaa kwenye mkeka hadi magoti yameniuma. Ee Mola, mimi nimekosea upana, Wewe una nafasi kwa kila kitu. Usimpe yeye adhabu yangu.

Jumatano, 15 Aprili

Naandika nikiwa kwenye kiti cha abiria. Nitaandika yote, lazima niandike yote!

Tumefika saa mbili. Kapteni yupo na wanafunzi wake wawili, kofia mpya, ufunguo mkononi akiuzungusha kwenye kidole. Akaniuliza kama nimekuja na filimbi. Mtahini ni mtu mrefu mkavu, mwenye kalamu nyekundu sikioni. Akayatazama matairi ya Subira muda mrefu. Akamwuliza mke wangu kama ana hakika. Akasema anayo. Mtahini akasema sheria haikatazi mtu kujitesa, apande.

Wanafunzi wa Kapteni walitangulia. Wa kwanza kagonga bomba. Wa pili kagonga mawili. Na hilo ni gari la siagi! Kapteni akaacha kuzungusha ufunguo.

Ikawa zamu yetu. Nikaona siwezi. Nikamkimbilia mke wangu dirishani nikamwambia ashuke, aende na gari la kaka yake, nimekubali, ning'oe kibao, lakini ashuke! Akanitazama. Akasema: Bwana wee, nenda kasimame pembeni, unaniwekea kivuli.

Nikasimama pembeni. Nikafumba macho. Nikasikia Subira anarudi nyuma. Polepole. Changarawe chini ya matairi yale mapana, moja moja. Nilikuwa nasubiri kusikia ngo! ya chuma. Nikasoma kila ninachojua. Kimya. Nikafumbua jicho moja.

Subira alikuwa ndani! Katikati! Kila upande unabaki upana wa kidole kimoja, huku kimoja na kule kimoja, kama mshono! Mtahini aliinama akatazama kushoto. Akazunguka akatazama kulia. Akaiweka kalamu nyekundu mfukoni na kutoa ya bluu.

AMEFAULU!

Nililia, daftari. Nilisujudu palepale kwenye changarawe, paji la uso bado lina alama. Kapteni naye alilia, akamkumbatia dada yake, akasahau kuokota kofia. Nikaiokota. Nikampa. Ilibidi.

Njiani mke wangu anaendesha, mimi nikakiri yote. Vigingi, vidole vitatu, siku nne, bomba kwenye saruji. Nilikuwa na kwikwi ya kilio. Nikamwambia ni muujiza, hakuna maelezo mengine.

Akapiga gia, akasema maelezo yapo. Akasema yeye amekuwa akipima watu kwa macho miaka ishirini na mbili. Mteja akiongezeka kiuno kwa upana wa sindano anajua kabla hajakaa. Nilipovisogeza vigingi Ijumaa, aliona kabla hajazima gari. Basi kila nilipokwenda msikitini alivirudisha kwa futi kamba, na Jumamosi akavisogeza ndani zaidi, kama mtu anavyoacha pindo. Kisha akafanya mazoezi peke yake hadi nilipokaribia kurudi, na kufagia alama za matairi. Mbele yangu aliingia kwenye mlango mpana ili nisiumie.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniona nina furaha sana.

Tumefika nyumbani. Yeye ameshaingia ndani. Mimi bado nimo garini.

Jumamosi, 18 Aprili

Mke wangu ameanza kazi jana. Amevaa lile gauni. Amewapakia watoto kumi na wanane, amefunga mlango, amepiga honi mbele ya nyumba yetu na kugeuza kigari kwenye kona ya duka la dawa kana kwamba barabara ameishona yeye. Jirani alitoka kutazama. Wanafunzi watatu wapya wamejiandikisha kwangu kabla ya adhuhuri!

Amenitaka jambo moja tu: nisiguse matairi ya kigari cha chekechea. Nimeapa, mkono juu ya msahafu. Na nimejifunza, daftari. Nakuandikia kwa moyo mweupe. Anayeliunda gari anajua. Kibandiko ni kibandiko. Subira atarudi kwenye 165, mara tu Mama Pancha atakapopata mengine. Kiburi cha upana kimekwisha.

Leo asubuhi nimekwenda kumwambia hivyo Mama Pancha. Nimemkuta Kapteni.

Kapteni amesimama mbele ya kalenda! Ananong'ona! Mama Pancha, akiwa juu ya baiskeli yangu, ameniambia kwa sauti ya kawaida tu kwamba Kapteni ameagiza 215. Eti ameona yalivyofanya kazi Jumatano.

215! Milimita kumi mbele yangu! Ni kidole kidogo tu, nusu ya kidole, najua. Lakini atapita mbele ya geti langu mara tatu, polepole, mkono dirishani. Namjua.

Nikauliza kwa mzaha tu, kama kuna 225. Mama Pancha alishuka kwenye baiskeli, akafungua droo akatoa karatasi ya kusaini.

Sijasaini. Nimesema nitaswali kwanza. Nimetoka, na pale juu ya ukuta wa msikiti kulikuwa na nani? Paka yuleyule. Na amenenepa!

Jumatatu, basi. Vigingi nitavisogeza kidogo tu. Asubuhi, mke wangu akiwa kazini.